Maua ya Mapema Chini ya Miti Majira ya Baridi Yakiwa ya Mvua: Mwongozo Kamili

Maua yanayochanua chini ya miti kati ya Januari na Machi huwa yanawahi mwanga. Wakati huo mialoni na mibetula imekwisha kupukutisha majani, jua linafika hadi ardhini, na mmea mdogo una wiki chache za kuchanua, kuchavushwa, kutengeneza chakula na kukirudisha kwenye tunguu, yaani kitunguu cha mmea kilicho chini ya udongo, kabla majani mapya ya miti hayajafunika kila kitu mwezi wa Mei.

Baridi yenyewe haiyasumbui sana. Galanthasi, ua dogo jeupe la tunguu, ikipigwa na barafu usiku hulala chini kama iliyokatwa, na joto likirudi husimama tena. Kinachoiua ni maji yanayotuama. Udongo ukilowa kupita kiasi, vijitundu vyake vya hewa hujaa maji, mizizi hukosa oksijeni, na viini vya kuozesha mizizi kama vile Phytophthora na Pythium hupata nafasi ya kuingia. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kazi ya ardhi. Kununua maua ni jambo la baadaye.

Miezi iliyotajwa hapa ni ya nusu ya kaskazini ya dunia. Aliye kusini aongeze sita.

Hatua ya 1: Kagua ardhi wakati mvua inanyesha

Usikague bustani siku ya kiangazi, maana wakati huo ardhi haikuambii kitu. Ingia baada ya siku mbili tatu za mvua mfululizo, ukiwa na vijiti vya kuchomeka na kalamu ya kuandikia. Chomeka kijiti palipo na dimbwi. Rudi baada ya saa 24, kisha baada ya saa 48. Dimbwi lililobaki baada ya siku mbili linaonyesha mahali ambapo matunguu mengi yataoza, hata yawe ya bei gani.

Kisha pima kasi ya maji. Chimba shimo la kina cha sm 30 na upana wa sm 30, lijaze maji, liache liishe, ulijaze mara ya pili, halafu pima maji yameshuka kiasi gani kwa saa moja. Chini ya sm 2.5 kwa saa, ardhi ni nzito mno kwa siklameni na krokasi, maua mawili madogo yanayopenda pakavu. Kati ya sm 2.5 na 15, karibu mimea yote ya mwongozo huu itakubali. Mara ya kwanza haihesabiki, kwa sababu udongo mkavu hunyonya maji kwa pupa na kukupa jibu la uongo. Fanya kipimo hiki sehemu tatu au nne. Bustani ya chini ya miti haifanani: upande mmoja wa mti unaweza kuwa tope na upande wa pili, palipojaa mizizi, pakawa pakavu hata Januari.

Angalia pia aina ya miti. Chini ya mwaloni, mbetula na miti ya matunda mwanga unatosha. Chini ya misonobari na miti mingine isiyopukutisha majani hakuna dirisha la mwanga, na maua haya hayatadumu hapo. Weka nguvu zako kwingine.

Hatua ya 2: Rekebisha ardhi bila kuumiza miti

Mizizi mingi ya mti, hasa ile myembamba inayofyonza maji na chakula, iko kwenye sm 30 za juu. Mfereji mrefu unaokatiza chini ya miti utaikata. Udongo mwingi ukimwagwa juu yake utaikosesha hewa. Kwa hiyo fanya mambo madogo, tena kwa kurudia mwaka hadi mwaka.

La kwanza ni mboji ya majani. Kusanya majani yaliyopukutika Oktoba na Novemba, yatie kwenye kizimba cha wavu chenye upana wa mita 1 kila upande, yaloweshe kama ni makavu, uyaache. Majani ya mwaloni huhitaji mwaka 1 hadi 2 kuwa mboji nyeusi inayovunjika mkononi. Majani magumu yanayong'aa huchukua hata miaka 3. Tandaza unene wa sm 3 hadi 5 kila mwaka, ukiacha duara la sm 10 hadi 15 kuzunguka shina la mti. Minyoo itaishusha yenyewe. Baada ya misimu mitatu hivi hata udongo wa mfinyanzi huanza kuwa na chembechembe, na maji hupata njia ya kushuka.

La pili ni vituta vya chini. Palipo na mfinyanzi, mbali na mashina na penye mizizi michache, inua vilima vya sm 15 hadi 20 kwa kuchanganya udongo wa hapo hapo, mboji ya majani na changarawe laini: mbili kwa moja kwa moja. Kilima cha upana wa sm 60 kinatosha matunguu 40 au 50, na tofauti yake na ardhi tambarare utaiona msimu wa kwanza tu.

Kuna kosa moja hapa linalorudiwa sana. Mtu anachimba shimo kwenye mfinyanzi, anaondoa udongo wote mbaya, analijaza mboji nzuri na kuweka changarawe chini. Shimo hilo limekuwa ndoo. Maji ya eneo zima yanaingia humo kwa urahisi na hayana pa kutokea, nayo matunguu yanakaa ndani ya ndoo hiyo hadi yanalainika. Kwenye mfinyanzi panda juu ya ardhi kwa kuinua kilima. Kumwaga mchanga kidogo kwenye mfinyanzi nako hakusaidii. Kiasi kinachohitajika kubadilisha tabia ya udongo huo ni kikubwa kuliko mtu anavyoweza kubeba kwa toroli.

La tatu ni njia. Udongo uliolowa ukikanyagwa hushindiliwa, na ulioshindiliwa haupitishi maji. Amua mapema utapita wapi kutazama maua, kisha tandaza vipande vya mbao zilizosagwa kwa unene wa sm 7 hadi 10 kwenye njia hiyo tu. Ukilazimika kuingia ndani ya tuta, weka ubao mpana usimame juu yake.

Hatua ya 3: Chagua mmea kwa kufuata unyevu

Ukiwa na ramani ya vijiti vyako, gawa bustani kwa macho: pale panapobaki na unyevu, pale pa wastani, na pale panapokauka haraka. Mtu asiyefanya hivi hununua kila kitu na kukipanda popote, kisha anadhani mkono wake haufai.

Penye unyevu wa kudumu, mmea wa kuanza nao ni Leucojum vernum. Huchanua Februari na Machi. Maua yake ni kengele nyeupe zenye petali sita zilizo sawa, kila moja ikiwa na doa la kijani au la manjano kwenye ncha. Unavumilia tope ambalo galanthasi hailiwezi. Ndugu yake, Leucojum aestivum, huvumilia maji zaidi lakini huchelewa hadi katikati ya machipuko. Narcissus cyclamineus, narsisi ndogo inayorudisha petali zake nyuma kabisa, nayo hupenda ardhi yenye unyevu isiyo na chokaa. Kwao ni kaskazini-magharibi mwa Hispania na kaskazini mwa Ureno. Primula ya porini, Primula vulgaris, itakaa vizuri kando yake.

Hata hivyo unyevu si dimbwi. Penye maji yaliyosimama kwa wiki nzima, hakuna mmea kati ya hii utakaoshukuru.

Pa wastani ndipo nyumbani pa galanthasi ya kawaida, Galanthus nivalis, na ndipo penye uhuru mkubwa zaidi. Maua yake yana petali tatu ndefu za nje na tatu fupi za ndani zenye alama ya kijani. Ua linainama, na hiyo ni faida kubwa msimu wa mvua kwa sababu chavua haipigwi na matone. Galanthus elwesii ina majani mapana na hutangulia kuchanua, lakini inataka mahali penye mwanga zaidi na pakavu zaidi. Usiichanganye na nivalis kwenye kona yenye unyevu. Hapa pa wastani weka pia Eranthis hyemalis, vikombe vya manjano vilivyokaa juu ya kola ya majani, ambayo hupenda udongo usio na asidi nyingi. Helebori chotara, Helleborus × hybridus, zitatoa maua kwa miezi, kwa kuwa kinachoonekana kama petali ni sepali, yaani vijani vya nje vya ua, nazo hazidondoki haraka. Anemone nemorosa itafunga msimu mwezi wa Machi na Aprili.

Juu ya vilima, kwenye miteremko na karibu na mizizi mikubwa inayokausha udongo, panda Cyclamen coum na Crocus tommasinianus. Krokasi hufungua ua penye jua tu. Ukiipanda upande wenye kivuli, msimu wa mawingu utapita ukiona vijiti vya zambarau vilivyofungwa, hadi vianguke. Ipe ukingo wa kusini wa miti.

Juu ya haya yote panafaa kichaka kimoja au viwili. Hamamelisi ina petali kama nyuzi za utepe zinazojikunja barafu ikija na kujinyoosha ikipita. Ipe udongo usio na chokaa na usiotuamisha maji, na nafasi ya mita 3 hadi 4. Sarkokoka haina umbo la kuvutia, lakini harufu ya maua yake madogo hujaza njia nzima siku isiyo na upepo. Ipande mahali unapopita kila siku.

Hatua ya 4: Kupanda

Nunua kutoka kitalu kinachootesha chenyewe. Galanthasi na siklameni zinalindwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vya porini, kwa sababu zilichimbwa mno porini, na matunguu ya porini mara nyingi hufika yamekauka.

Galanthasi, leukojumu na erantisi ni bora zipandwe zikiwa na majani mabichi, mara tu maua yanapoisha, Februari hadi mwanzo wa Aprili. Matunguu yao ni madogo na hayana ganda nene la kuyahifadhi. Yakikaa wiki kadhaa dukani ndani ya mfuko, mengi huwa yamekwisha kufa. Panda galanthasi kwa kina cha sm 8 hadi 10. Kipimo rahisi ni mstari kwenye shina ambapo kijani kinageuka kuwa cheupe: mstari huo ukae usawa wa udongo. Weka matatu hadi matano kwenye shimo moja, na acha sm 10 hadi 15 kati ya shimo na shimo. Leukojumu iende sm 10 chini.

Kama umepata erantisi kavu tu, yaloweke magimba yake (vinundu vinavyohifadhi chakula chini ya udongo) usiku mmoja kwenye maji ya uvuguvugu, kisha yapande sm 5 chini mwezi wa Septemba. Usihangaike na upande wa juu ni upi. Tarajia nusu yake tu kuota, na usichimbe kuangalia. Vigimba vya anemoni navyo vilowekwe usiku mmoja na vilazwe sm 3 hadi 5 chini.

Krokasi hupandwa Septemba hadi Novemba, sm 8 hadi 10 chini. Ukipanda juu ya hapo, kindi na panya watakula kabla ya Krismasi. Baada ya kupanda funika kwa wavu wa waya wenye matundu ya sm 2, uliobanwa kwa vigingi, na uondoe wavu mara chipukizi zinapotokea.

Siklameni ipandwe sm 3 hadi 5 chini, upande wenye vichipukizi juu. Nunua ile iliyo chunguni na yenye mizizi hai. Gimba kavu lililosinyaa huweza kulala mwaka mzima au lisiamke kabisa.

Helebori ina sharti moja: shingo yake, mahali majani yanapotokea, isizikwe. Ikae usawa wa udongo au juu kidogo. Shingo iliyozikwa kwenye udongo wenye maji huoza kuanzia ndani, na utajua umechelewa pale shina la ua litakapong'oka mkononi bila kuvutwa. Acha sm 45 kati ya mche na mche. Vaa glavu unapozishika, kwani utomvu wake huwasha ngozi. Kumbuka pia kwamba galanthasi, narsisi, erantisi na helebori zote zina sumu zikiliwa, hivyo usihifadhi matunguu karibu na vitunguu vya jikoni.

Hatua ya 5: Novemba na Desemba, kabla chipukizi hazijatoka

Majani ya miti yaliyoanguka ni blanketi zuri yakiwa mepesi. Yakilowa na kulaliana, hasa makubwa, huwa kama karatasi iliyobandikwa, na chipukizi huinama na kuoza chini yake. Pitisha reki nyepesi mwanzoni mwa Desemba, ondoa matabaka mazito, acha mengine. Januari usitumie reki tena. Ncha za galanthasi zinakuwa sentimita moja chini ya uso wa udongo na zinakatika, tumia vidole.

Mboji ya majani imwagwe sasa, isichelewe hadi maua yametokea.

Helebori chotara zikatwe majani yote ya zamani chini kabisa, mwishoni mwa Desemba au pale unapoona vichwa vya maua vinasukuma udongo. Majani hayo hubeba ugonjwa wa madoa meusi, nayo mvua huurusha kwenye maua mapya. Yachome au uyatupe, usiyatie kwenye mboji. Helleborus foetidus na Helleborus argutifolius zisikatwe hivyo: maua yao hutokea juu ya mashina ya mwaka uliopita, na ukikata umeondoa maua. Mashina yao hukatwa baada ya kuchanua.

Hatua ya 6: Maua yakiwa wazi na mvua haikomi

Hapa kazi kubwa ni kujizuia. Usiingie kwenye matuta, usipalilie, usitie mbolea. Maji yakitiririka kutoka kwenye njia kuingia kwenye maua, kwaruza kijifereji cha sm 5 pembeni mwa njia kuyaelekeza chini, na uishie hapo.

Majira ya baridi yenye mvua yasiyo na barafu huwaacha makoa na konokono wakila bila kupumzika. Toka na tochi saa mbili au tatu baada ya giza, usiku usio na baridi kali, uwaokote. Usiku tatu mfululizo hupunguza wengi. Ukitumia chambo chagua chenye fosfati ya chuma, na ukitawanye kwa uchache. Kikilundikwa hakifanyi kazi zaidi.

Ukiona chipukizi la galanthasi limetoka fupi, limevimba na kufunikwa vumbi la kijivu, huo ni ukungu wa kijivu, Botrytis galanthina, unaopenda hali ya unyevu na uvuguvugu. Usinyunyizie chochote. Chimba kishada chote pamoja na udongo unaokizunguka, kitupe mbali na bustani, na usipande galanthasi hapo kwa miaka kadhaa. Fanya siku hiyo hiyo, maana mvua inaupeleka kwa jirani yake. Ncha za majani zilizobabuka rangi ya hudhurungi nyekundu ni ugonjwa mwingine, Stagonospora curtisii. Kata sehemu hizo na usafishe mkasi kwa spiriti kabla ya kugusa kishada kingine.

Kwenye helebori, madoa ya duara ya hudhurungi ni ukungu na hutibika kwa kukata majani. Michirizi myeusi inayofuata mishipa ya jani, pamoja na majani mapya yaliyojikunja, ni ugonjwa wa virusi usio na dawa. Mche huo ung'olewe, hata kama ndio mzuri kuliko yote.

Hatua ya 7: Baada ya maua

Majani yaachwe mpaka yawe ya manjano na kulala yenyewe, kwa kawaida wiki sita au zaidi. Kuyafunga mafundo ili bustani ionekane nadhifu ni sawa na kuyakata. Maua ya mwaka ujao yanajengwa sasa.

Kishada cha galanthasi kilichosongamana hutoa majani mengi na maua machache. Kila baada ya miaka 3 hadi 4 king'oe kwa uma wa bustani, ukiuchomeka sm 15 kutoka ukingoni ili usichome matunguu, kitenganishe kwa vidole, na ukipande upya ndani ya saa moja kwa kina kile kile. Katika mwaka wa mvua nyingi pandisha nusu ya kishada juu ya kilima na uache nusu nyingine ilipokuwa. Baada ya misimu miwili utajua ni upande upi inaoupendelea.

Mbegu nazo zina thamani yake. Mbegu za galanthasi na siklameni zina kipande chenye mafuta ambacho sisimizi hukifuata. Hubeba mbegu, hula kipande, na kuiacha mbegu mbali na mama. Erantisi hujimwaga yenyewe mwezi wa Mei, na miche yake huchukua miaka 3 au 4 kutoa ua. Mwaka wa kwanza huwa na jani moja au mawili tu ya mviringo, yasiyofanana na ya mkubwa, na wengi huyapalilia wakidhani ni magugu. Palilia kwa mkono penye erantisi, na kabla ya kung'oa chochote kilicho kidogo na cha kijani mwezi wa Aprili, piga goti ukitazame kwa karibu.